Dondoo muhimu: Faini ya maegesho ukiwa na Beji ya Bluu

Umeegesha Uingereza ukiwa na Beji ya Bluu, kibali cha maegesho cha watu wenye ulemavu, unarudi unakuta karatasi ya faini kiooni. Usikimbilie kulipa, ukishalipa, kesi imefungwa. Piga picha hapohapo, hata mvua ikinyesha: beji ilivyokaa kwenye dashibodi, saa ya kadi inayoonyesha muda uliofika, mistari ya njano, kibao cha barabarani. Mara nyingi kosa lenyewe ni dogo la kuudhi, kama beji iliyolala kifudifudi au saa iliyosahauliwa. Basi kiri, eleza ilivyotokea, ambatisha nakala ya beji. Halmashauri ina hiari ya kufuta faini, na barua ya kweli husikilizwa kuliko ya ukali. Iandike ndani ya siku 14, muda wa punguzo la nusu. Ikikataliwa, subiri notisi kwa mwenye gari, toa pingamizi rasmi ndani ya siku 28. Likigonga mwamba, nenda baraza huru la rufaa, ambalo halitozi ada.

Kwenye maegesho ya kampuni binafsi, kama ya supamaketi, mpango wa beji hauna nguvu kisheria. Huko egemea Sheria ya Usawa ya 2010, inayokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu.