Msanii na Usomaji: Funzo kutoka kwa Abdilatif Abdalla na Euphrase Kezilahabi

Utangulizi

Katika vikao vya uandishi vya chama chetu, jambo moja hujirudia kila muhula. Mwanachama husimama akasoma shairi lisilo na vina wala mizani, naye akiulizwa sababu, hujibu kwamba yeye ni mwanamapinduzi, mfuasi wa Kezilahabi. Mwingine huja na tarbia iliyopimwa barabara, mizani nane kwa nane, akashikilia kwamba hilo ndilo shairi na mengine ni nathari iliyokatwakatwa. Wote wawili wakiulizwa wamesoma diwani gani mwaka huo, hunyamaza.

Makala haya yamechochewa na kimya hicho. Yananuia kuonyesha kwamba umbo la kazi ya sanaa halichaguliwi kama vazi dukani, bali hutokana na yale msanii aliyoyasikia, aliyoyasoma na aliyoyaishi. Tutawaangalia washairi wawili ambao diwani zao, Sauti ya Dhiki (1973) na Kichomi (1974), zilitoka zikiwa zimeachana kwa mwaka mmoja tu, ilhali ziko mbalimbali kiumbo.

Abdilatif Abdalla: vina ndani ya kuta

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka wa 1946. Huko Mvita, ushairi haukuwa somo la darasani pekee. Ulighaniwa, ukajibizana, ukahifadhiwa moyoni. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa karne ya 19, yalikuwa bado hai vinywani mwa watu. Mwaka wa 1968 Abdilatif aliandika waraka wa kuihoji serikali, Kenya: Twendapi?, na kwa sababu hiyo akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Gerezani alitengwa na wafungwa wenzake, akawa anaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Hizo ndizo tungo zilizokuja kuwa Sauti ya Dhiki. Mwaka wa 1974 diwani hiyo ilipata tuzo ya fasihi iliyoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Msomaji anaweza kuuliza: mtu aliyethubutu kuvunja amri ya dola, mbona hakuvunja arudhi? Kwa maoni yetu, swali hili linaichukulia arudhi kuwa mnyororo, hali kwa mshairi huyu ilikuwa tegemeo. Kwanza, palipo na uhaba wa karatasi, vina na mizani ni ghala: ubeti uliopimwa hukaa kichwani hata ukinyang'anywa maandishi. Pili, fumbo ni mbinu kongwe ya ushairi wa pwani, na katika shairi kama "Mamba" mtunzi ameitumia kusema jambo ambalo kulitamka waziwazi kungemzidishia dhiki. Tatu, mpweke aliyetunga kwa Kimvita na kwa bahari za wazee wake hakuwa peke yake tena. Alikuwa amerudi barazani. Hata anwani "Siwati", yaani siachi, imeshikilia lahaja pamoja na msimamo. Hapa fani na maudhui ni kitu kimoja.

Euphrase Kezilahabi: mlango mwingine

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Hakulelewa katika malumbano ya Mvita, na bahari za pwani hazikuwa urithi wa nyumbani kwao. Katika utangulizi wa Kichomi alitetea ushairi unaotumia lugha ya kawaida ya watu, usiofungwa na vina. Wanamapokeo walimjia juu, na mgogoro huo ungali unafundishwa hadi leo.

Lakini kuna jambo ambalo wanafunzi hulisahau. Mwaka wa 1976, miaka miwili baada ya Kichomi, Kezilahabi alikamilisha tasnifu ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mada yake ilikuwa riwaya za Shaaban Robert. Yule aliyeshutumiwa kwamba amewapa wazee kisogo alikuwa ameketi na vitabu vya mzee aliyeheshimiwa kuliko wote, akivipima ukurasa kwa ukurasa. Baadaye alisomea uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, akaandika kuhusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi, kazi aliyoikamilisha mwaka wa 1985. Anayezisoma Nagona (1990) na Mzingile (1991) hawezi kukosa kuona kwamba ugumu wake una mizizi katika kusoma na kutafakari kwa miaka mingi.

Funzo kwa mwandishi chipukizi

Sisi tumezoea kusoma kwa ajili ya mtihani. Tunaingia katika kitabu tukiwinda maudhui, wahusika na tamathali, kisha tunatoka mikono ikiwa imejaa na moyo ukiwa mtupu. Msanii husoma kwa swali jingine: mwenzangu amelifanyaje hili, na kwa nini amelifanya hapa?

Tunapendekeza zoezi moja. Chukua ubeti mmoja wa Sauti ya Dhiki, uuandike upya bila vina, kisha utazame kilichopotea. Halafu chukua shairi moja la Kichomi, ulilazimishe liingie katika mizani nane kwa nane, utazame tena. Katika zoezi la kwanza utahisi sauti ikizimika. Katika la pili utahisi fikra ikibanwa hadi ikose pumzi. Atakayelifanya kwa uaminifu hatakuwa na haja ya kujiita mfuasi wa yeyote, kwani atakuwa ameanza kusikia.

Hitimisho

Tumeona kwamba aliyeshika vina na aliyeviacha, kila mmoja alijua anachokishika na anachokiacha. Ujuzi huo hauji kwa kipaji pekee. Katika kikao kijacho, basi, kabla ya kumuuliza mwenzetu kwa nini shairi lake lina vina au halina, tumuulize kwanza anasoma nini. Naye mwulizaji awe tayari kujibu swali lilo hilo.