Dawa ya Ukungu na Mayai ya Samaki

Mkulima wa Uasin Gishu hawezi kuacha dawa ya ukungu. Kutu ikiingia katika ngano, au baka katika viazi, dawa ndiyo kinga. Lakini ikiwa unalo bwawa la samaki chini ya shamba, yafaa ujue jambo moja.

Wenye mabwawa wengi huangalia samaki wakubwa. Wakiwaona wanaogelea na kula, husema maji ni safi. Sivyo. Samaki mkubwa aweza kustahimili dawa kidogo ambayo yai halistahimili. Yai la kambare katika maji ya joto huanguliwa baada ya siku moja hivi. Katika baridi yetu hukawia. Muda huo mfupi ndio moyo, macho na uti wa mgongo hujengwa. Fundi akisukumwa anaposimamisha nguzo, nyumba yote huenda upande.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa samaki mdogo mwenye milia, wa asili ya Bara Hindi, ambaye yai lake ni kama kioo, hata moyo waonekana ukipiga. Mankozebu, dawa ya viazi na nyanya, hupinda uti wa mgongo. Azoksistrobini huzuia mwili usipate nguvu, na moyo hupiga polepole. Tebukonazoli, dawa ya kutu, huvimbisha maji penye moyo. Shaba nayo hudhuru zaidi katika maji yasiyo na chokaa.

Kifaranga aliyepinda hawezi kutafuta chakula. Kiini cha yai kikiisha hufa, wala humwoni. Wewe waona vifaranga wachache tu, ukailaumu mbegu uliyonunua.

Upepo na mvua huleta dawa majini, lakini lililo baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kuoshea bomba mtoni. Maji ya Sosiani huingia Kipkaren, kisha Nzoia, hata Ziwa Victoria. Ningu wa ziwa hilo, ambao nyavu zimekwisha kuwapunguza sana, hupanda Nzoia kutaga wakati wa mvua, ndio wakati wetu wa kupiga dawa.

Basi osha bomba shambani, na maji yake uyanyunyize juu ya mazao yale yale. Acha ukanda wa nyasi kando ya kijito, usipige dawa mvua ikikaribia. Ukiona picha ya samaki juu ya chupa, ongeza uangalifu. Na kabla ya kupiga dawa, ziba mfereji uletao maji bwawani; usiufungue mpaka maji ya mvua ya kwanza yamekwisha kupita.