Sahihi Isiyo na Nakala

Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu ridhaa katika utafiti wa wanafunzi wa uzamili na uzamifu

Saa nne asubuhi hodi inabishwa. Mlangoni amesimama kijana nadhifu, begi mgongoni, karatasi mkononi. Anasema anatoka chuo kikuu, yuko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na anachunguza namna familia zinavyoishi na mgonjwa wa akili. Mama mwenye nyumba anamkaribisha na kumtilia chai. Kabla kikombe hakijapoa ameshatia sahihi fomu ya kurasa tatu ambayo hakuisoma. Baada ya saa moja kijana anaaga. Anaondoka na sauti ya mama kwenye simu yake, jina la mwanawe aliye mgonjwa, majina ya dawa anazomeza, na fomu yenyewe. Nyumbani hakikubaki hata kipande cha karatasi.

Kijana huyu si tapeli. Ni mwanafunzi wa kweli, na kazi yake huenda ikawafaa wengi, maana nchi haiwezi kupanga huduma za afya ya akili, magereza, familia na shule bila watu kukubali kuhojiwa. Kosa liko kwenye ile fomu iliyoondoka naye. Humo ndimo mlimoandikwa taarifa zitatumika kwa kazi gani, zitahifadhiwa na nani, na mhojiwa ampigie nani simu akibadili nia. Mama ana haki ya kujitoa wakati wowote, lakini haki hiyo imekwenda zake ndani ya begi la mtu mwingine. Ndiyo maana malalamiko kuhusu utafiti hufanana: mtu amejuta, anataka maneno yake yafutwe, na hajui amtafute nani.

Asiyepewa nakala asitie sahihi. Onyo hili litarudiwa katika kurasa hizi, na litarudiwa kwa makusudi.

Sheria ipo

Kenya imefanya kazi kubwa katika jambo hili na haina sababu ya kuificha. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inamhakikishia kila mtu faragha yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaongeza meno: inatambua hali ya afya kuwa data nyeti, na pamoja nayo habari za familia, yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mwenzi wa ndoa. Maana yake ni kwamba yale ambayo mwanafunzi wa saikolojia au wa masuala ya familia huyauliza kila siku ndiyo hasa yaliyowekewa ulinzi mkubwa. Sheria hiyohiyo inasema mwenye kukusanya data ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba aliruhusiwa. Mhojiwa hana mzigo wa kuthibitisha kwamba alikataa.

Kuhusu leseni, maelezo ni mafupi. Anayefanya utafiti nchini huomba leseni kwa Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, ambayo wengi huiita NACOSTI, baada ya pendekezo lake kupitishwa na kamati ya maadili. Leseni ina jina la mtafiti, mada, na msimbo wa QR unaoweza kukaguliwa kwa simu. Haihamishiki: aliyepewa leseni hawezi kumwazima rafiki yake. Masharti mengine yameandikwa kwenye leseni yenyewe, na mwanafunzi anapaswa kuyajua kabla hajatoka chuoni.

Lakini leseni ni ruhusa ya serikali kwa mtafiti. Si ruhusa ya mama mwenye nyumba. Barua ya chifu nayo si ruhusa ya mama, wala barua ya chuo. Wapo wanaotandaza barua hizi mezani moja baada ya nyingine mpaka mwenyeji anaona haya kukataa. Mihuri iwe mitatu au kumi, anayeulizwa ndiye mwenye neno la mwisho, na akisema hapana hadaiwi sababu.

Watoto wa Davenport

Anayedhani utafiti wa mwanafunzi ni jambo dogo, la kupata cheti tu, na asikie habari za Iowa, Marekani. Mwaka 1939 Mary Tudor, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa, alikwenda kwenye nyumba ya mayatima mjini Davenport. Msimamizi wake, Wendell Johnson, alikuwa mtaalamu wa kigugumizi mwenye jina. Walichagua watoto 22. Miongoni mwao walikuwemo sita waliokuwa wakisema vizuri kabisa, nao wakaambiwa kwamba wameanza kugugumia na kwamba wasifungue kinywa mpaka wawe na hakika ya kusema sawasawa. Walezi wa nyumba ile waliambiwa hivyohivyo, wakawa wanawarekebisha watoto kila waliponena.

Haukupita muda mrefu watoto hao wakaanza kujikunyata. Waliokuwa wakiongea walijibu kwa neno mojamoja, wengine wakafunika nyuso. Hakuna mzazi aliyeulizwa. Watoto wenyewe hawakuelezwa kwamba wanafanyiwa utafiti. Tasnifu ikafungwa jalada, ikapangwa rafuni kwenye maktaba ya chuo. Ni mwaka 2001, gazeti lilipoifichua habari, ndipo waliokuwa hai walipojua kilichowapata utotoni, nao walikuwa wazee tayari. Chuo kiliomba radhi mwaka huo. Mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kuwalipa sita waliofungua kesi dola 925,000.

Miaka 62 ilipita bila wao kuwa na karatasi hata moja yenye jina la utafiti huo. Asiyepewa nakala asitie sahihi. Na mtoto asiye na wa kumtilia sahihi asihojiwe.

Damu iliyobadilishiwa kazi

Kisa cha pili kina sahihi, na kwa hiyo kinatisha zaidi. Wahavasupai ni watu wachache wanaoishi ndani ya bonde la Grand Canyon, Arizona. Ugonjwa wa kisukari ulikuwa ukiwamaliza. Kuanzia 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua damu yao, nao waliitoa wakiamini inatafutiwa chanzo cha kisukari. Fomu waliyotia sahihi ilikuwa pana kuliko walivyodhani: ilitaja magonjwa na matatizo ya tabia kwa jumla. Kwa upana huo, damu ileile ikatumiwa kuchunguza skizofrenia, kuoana kwa ndugu, na asili ya mababu zao, mambo ambayo kwa Wahavasupai yaligusa aibu na imani.

Siri ilifichuka mwaka 2003, mwanafunzi wa uzamifu alipokuwa akitetea tasnifu yake. Carletta Tilousi, Mhavasupai, alikuwa amekaa ukumbini. Aliuliza kama mwanafunzi huyo alipata ruhusa ya kutumia damu ya watu wake. Swali hilo moja lilizaa kesi iliyoisha 2010 kwa makubaliano: dola 700,000 kwa watu 41, na damu iliyobaki ikarudishwa kwao.

Kifungu kipana cha namna hii ni cha kuhofiwa kuliko uongo wa wazi. Fomu inayosema taarifa zitatumika “kwa utafiti huu na tafiti nyingine zijazo” imefungua mlango bila kutaja nani ataingia. Mhojiwa ana haki ya kuomba maneno hayo yakatwe kwa kalamu mbele yake, na nakala yake ikatwe vilevile. Mwanafunzi atakayenuna na anune.

Swali la tisa

Wanafunzi wa afya ya akili hutumia sana hojaji iitwayo PHQ-9. Ina maswali 9 kuhusu hali ya mtu katika wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, huzuni. La tisa linauliza kama mtu amewaza kwamba afadhali afe, au amewaza kujidhuru.

Nchini Kenya swali hili lilibeba uzito wa pekee. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na adhabu yake kifungo cha hadi miaka 2. Mtu aliyemsimulia mwanafunzi kwamba aliwahi kunywa sumu akaokolewa alikuwa amekiri kosa la jinai mbele ya kinasa sauti. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ni hatua kubwa, na walioipigania wanastahili heshima. Hata hivyo hukumu haifuti maneno ya majirani, wala haimzuii mwajiri kusoma yaliyoandikwa.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeuliza swali la tisa lazima aje na jibu la swali lingine: mtu akisema ndiyo, atapelekwa wapi siku hiyohiyo? Jina la kliniki na la mshauri yawe kwenye fomu kabla ya mahojiano. Asiyeweza kuyataja asiulize. Hapa hakuna mjadala.

Gerezani na shuleni

Mfungwa anayeletwa chumbani na askari na kuambiwa “huyu mwalimu anataka kuongea nawe” hajaulizwa ridhaa. Anapima iwapo kukataa kutaathiri chakula, ziara au msamaha wake. Askari aende asikoweza kusikia, na mfungwa aambiwe waziwazi kwamba kushiriki hakupunguzi hata siku moja ya kifungo.

Aambiwe pia mipaka ya siri. Mwaka 1993 Rik Scarce, mwanafunzi wa uzamifu wa sosholojia katika jimbo la Washington, Marekani, alikataa kuwaeleza waendesha mashtaka yale aliyosikia kutoka kwa wanaharakati wa haki za wanyama aliokuwa akiwatafiti. Alifungwa siku 159 kwa kudharau mahakama. Alitunza ahadi yake, lakini si kila mwanafunzi atakubali kulala rumande kwa ajili ya mhojiwa. Sheria ya Kenya hulinda mazungumzo ya wakili na mteja wake. Mwanafunzi mwenye daftari si wakili. Kesi ambayo haijaamuliwa isisimuliwe kwake hata kidogo.

Shuleni mambo hugeuka tena. Viboko vilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia, lakini watafiti wa ualimu bado huviulizia kwa kuwa bado vipo. Mwanafunzi wa darasa la sita akisema mwalimu fulani humpiga, kesho yake bado atakuwa katika darasa la mwalimu huyohuyo. Mwalimu mkuu anaweza kufungua lango la shule. Hawezi kumtilia sahihi mtoto wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa hiyo. Mtoto naye aulizwe kwa lugha yake, na akitikisa kichwa, mazungumzo yaishe. Akiwa hatarini, nambari 116 hupigwa bure.

Lipo jambo moja linalosahauliwa na wanafunzi wazuri kabisa. Tasnifu za siku hizi huwekwa kwenye intaneti, na jirani huzisoma kwa simu. Kufuta jina hakutoshi. “Mjane, mwalimu mkuu wa shule ya pekee ya wasichana katika tarafa” hana jina, na kila mtu wa tarafa amekwisha kumtambua.

Mgeni anaporudi

Mama wa mwanzo wa kijitabu hiki hajachelewa. Kijana alisema atarudi wiki ijayo kwa maswali yaliyosalia. Safari hii chai inaweza kungoja. Mama aombe leseni, amwite binti yake aukague msimbo kwa simu, kisha fomu isomwe kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Asiyejua kusoma huweka alama ya kidole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, si aliyekuja na mtafiti. Akitaka jina la mwanawe litoke kwenye rekodi, aseme sasa. Asiyepewa nakala asitie sahihi, na aliyekwisha kutia aidai.

Kijana akiwa mkweli hatakasirika. Atatoa fomu ya pili begini, ataijaza upya, ataandika namba yake ya simu, ya msimamizi wake na ya kamati ya maadili. Kisha mama ataikunja na kuitia kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa, pamoja na kadi ya kliniki ya mwanawe.