NCHI JIRANI: Uganda na Masomo ya Udaktari kwa Intaneti

Somo la leo linatupeleka Uganda, ambako udaktari umefundishwa Makerere tangu mwaka 1924. Yaliyowapata wenzetu wa huko yanatugusa sisi wafanyakazi wa hospitali.

Tarehe 20 Machi 2020 vyuo vyote vilifungwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliitwa kurudi Oktoba. Katikati ya hapo walimu walijaribu kufundisha kwa kompyuta na simu.

Kwanza ni gharama. Tangu Julai 2018 kila aliyetumia WhatsApp na mitandao ya namna hiyo alitozwa shilingi 200 kwa siku. Basi mwanafunzi aliyetumiwa somo kwa njia hiyo alilipa kodi, kisha akanunua bando. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data. Sheria iliisamehe data ya elimu na ya tiba. Lakini mwanafunzi hununua bando kama mtu mwingine yeyote, na bando halisemi kama litasomewa au litachezewa ngoma.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Majina ya dawa na maelezo ya magonjwa yanafundishika kwa intaneti, tena vizuri: asiyeelewa huirudia rekodi mara tatu. Kupima ini lililovimba ni jambo jingine. Mwalimu huushika mkono wa mwanafunzi, akauweka chini ya mbavu za kulia, akamwambia mgonjwa avute pumzi, mpaka mwanafunzi ausikie ukingo wa ini ukigusa vidole vyake. Skrini haina ini. Sauti ya moyo hurekodiwa, sawa, lakini mgonjwa wa kwenye rekodi hakohoi, wala mtoto halii kitanda cha pili. Na kumwambia mtu kwamba ugonjwa wake hauponi hufunzwa kwa kusimama karibu na anayelisema neno hilo.

Kwa walimu tunauliza: nani alipe bando la kufundishia? Saa za usiku za kurekodi zihesabiweje? Mwalimu akihama, rekodi ni mali ya nani?

Kwetu wodini, wanafunzi waliokosa mazoezi wakirudi kwa pamoja, muuguzi wa zamu ndiye huwaelekeza, juu ya kazi yake ya kawaida. Tunayaomba matawi ya hospitali za kufundishia yaiweke kazi hiyo kwenye madai ya mkataba ujao, pamoja na saa zake na malipo yake.