SOMO LA WIKI: Mtangazaji anapogeuka mchapishaji

Wiki hii tunaweka kando bei za hisa na mazao ili tuangalie swali linalomfika kila mfanyabiashara aliyekwisha kujenga wateja wake kwa mali ya mtu mwingine: je, aendelee kuiuza kwa kamisheni, au atengeneze ya kwake? Mfano wetu unatoka Marekani. Unahusu michezo ya mezani, biashara ambayo wengi wetu tungeiona ya kitoto. Fedha zilizomo si za kitoto hata kidogo.

Critical Role ni kipindi kilichoanza kurushwa kwenye intaneti tarehe 12 Machi 1995? Hapana, si zamani hivyo. Ni 12 Machi 2015. Waigizaji wa sauti wa Los Angeles huketi mezani na kucheza Dungeons & Dragons mbele ya kamera. Mmoja wao, Matthew Mercer, ndiye aliyekuwa msimulizi kwa miaka mingi. Wenzake hushika nafasi za wahusika, na dadu yenye pande 20 huamua kama jambo wanalojaribu litafaulu. Kipindi kimoja huchukua saa tatu, nne, au zaidi, na watu hukaa wakatazama hadi mwisho.

Jambo la kuzingatia kibiashara ni kwamba mchezo wenyewe haukuwa mali yao. Dungeons & Dragons ulitoka mwaka 1974, na leo ni mali ya kampuni ya Wizards of the Coast, iliyonunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Kwa hiyo kila wiki Critical Role ilikuwa ikiitangaza bidhaa ya Hasbro, na kuitangaza vizuri kuliko tangazo lolote la kulipia.

Nguvu ya wateja wake ilipimwa Machi 2019. Kampuni iliomba umma uchangie dola za Kimarekani 750,000 kupitia Kickstarter, mahali ambapo mteja hulipa kabla bidhaa haijatengenezwa, ili ipate kutengeneza filamu fupi ya katuni. Zilipatikana dola 11,385,449 kutoka kwa watu 88,887. Gawanya, msomaji, utaona kila mtu alitoa wastani wa dola 128 kwa kitu ambacho hakijakuwapo. Mtaji wa namna hiyo hauna riba, wala hauna mwanahisa anayedai kiti kwenye bodi.

Hata hivyo, kwa upande wa vitabu kampuni ilikuwa bado mgeni katika nyumba za watu. Kitabu cha mwaka 2017 kuhusu Tal'Dorei, nchi ya kubuni ya Mercer, kilichapishwa na Green Ronin. Kile cha Wildemount, kilichotoka Machi 2020, kilichapishwa na Wizards of the Coast wenyewe. Ni Oktoba 2020 ndipo kampuni ilipotangaza nyumba yake ya uchapishaji, Darrington Press.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo penye somo. Chukua seti ya mchezo yenye bei ya rejareja ya dola 60. Katika biashara hii msambazaji wa jumla kwa kawaida hununua kwa karibu asilimia 40 ya bei ya dukani, yaani mchapishaji hupata dola 24. Tuseme mwenye jina anapewa mrabaha wa asilimia 10 ya fedha hizo: anapata dola 2.40, bila jasho na bila hatari. Akichapa mwenyewe, dola 24 zote ni zake, na akiuza moja kwa moja kwa mteja anaikaribia ile 60 kamili. Critical Role ilikuwa tayari na duka lake la fulana na vitu vingine, na watazamaji wanaolijua. Gharama ambayo mchapishaji mpya huilipa kwa uchungu mkubwa, yaani ya kumfanya mteja ajue kuwa bidhaa ipo, wao walikuwa wameimaliza zamani.

Sasa tazama upande wa pili wa daftari. Tuseme nakala 50,000 zinachapwa kwa dola 10 kila moja. Hizo ni dola 500,000 zilizolala ghalani kabla senti haijarudi, mbali na ujira wa wachoraji na waandishi, nauli ya meli na pango la ghala. Mwenye mrabaha hana ghala. Mchapishaji analo, na ghala lina tabia ya kujaa vitu visivyouzika. Sehemu kubwa ya michezo ya mezani inayouzwa Marekani hutengenezwa China, na Aprili 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulipandishwa hadi asilimia 145 kabla ya kushushwa mwezi uliofuata. Aliyekuwa na makontena njiani wiki zile hakulala.

Wasambazaji nao si wa kutegemea kwa macho yaliyofumbwa. Januari 2025 Diamond Comic Distributors, ambayo kampuni yake tanzu ya Alliance ilisambaza michezo ya mezani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Maghalani mwake kulikuwa na mali kauli ya wachapishaji wengi, na mwaka huo huo ukazuka mgogoro mahakamani juu ya nani mwenye haki ya kuiuza. Tunaofanya biashara ya mali kauli tunaifahamu hadithi hiyo bila kusimuliwa.

Kwa maoni yetu Darrington Press ilianza kwa adabu. Mchezo wake wa kwanza, Uk'otoa wa mwaka 2021, ulikuwa mdogo, wa kuchezwa na kumalizika upesi. Januari 2022 ikatoa upya kitabu cha Tal'Dorei, safari hii kwa jina lake yenyewe. Mpaka hapo bado ilikuwa ikitengeneza vipuri vya gari la mwenzake, kwa sababu kitabu hicho kilitumia kanuni za Dungeons & Dragons.

Kisha likaja tukio la Januari 2023. Tangu mwaka 2000 Wizards of the Coast ilikuwa imetoa leseni ya wazi iliyowaruhusu wengine kuchapa vitabu vinavyooana na mchezo wake. Rasimu ya leseni mpya ikavuja: wachapishaji wakubwa wangetakiwa kulipa asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka. Angalia neno mapato, halikuandikwa faida. Mwenye mauzo ya dola 1,000,000 angelipa dola 62,500. Kama faida yake halisi ni asilimia 10, yaani dola 100,000, anabakiwa na dola 37,500. Wateja walipiga kelele, na kabla mwezi haujaisha kampuni ilirudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni isiyoweza kufutwa. Lakini kila aliyejenga juu ya kiwanja cha kupanga alikuwa amekwisha kuona hati ya kiwanja iko kwa nani.

Aprili mwaka huo huo Darrington Press ilitangaza Daggerheart, mchezo wenye kanuni zake yenyewe. Haukutupwa sokoni papo hapo. Machi 2024 kanuni za majaribio zilitolewa bure kwa umma, watu wakazicheza na kuzikosoa, na seti kamili ikatoka tarehe 20 Mei 2025 kwa dola 59.99. Siku chache baadaye kampuni ikaanza kurusha mfululizo mfupi unaouchezea mchezo huo. Juni 2025 ikawachukua Chris Perkins na Jeremy Crawford, wabunifu waliokuwa nguzo za Dungeons & Dragons kwa miaka mingi.

Wengi walitegemea kwamba mfululizo mkuu uliofuata, ulioanza Oktoba 2025, ungechezwa kwa Daggerheart. Haikuwa hivyo; ulibaki na Dungeons & Dragons, msimulizi akiwa Brennan Lee Mulligan. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa ni kukosa imani na mali yao. Sisi tunauona ni wa muuza duka anayejua hesabu. Kipindi ndicho kinacholeta watu mlangoni, na sehemu kubwa ya watu hao walikuja kwa ajili ya mchezo wanaoujua. Kuwafukuza ili kuuza seti ya dola 60 ni kukata mti ili uvune matunda.

Njia hii si mpya. Games Workshop ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1975, na miongoni mwa biashara zake za mwanzo ilikuwa kuingiza Dungeons & Dragons kutoka Marekani. Mwaka 1983 ilitoa Warhammer, mchezo wake yenyewe, ikaiacha polepole mali ya wengine, ikaingia soko la hisa la London mwaka 1994, na Desemba 2024 ikawa miongoni mwa kampuni 100 kubwa za soko hilo. Kinyume chake ni TSR, mchapishaji wa kwanza wa Dungeons & Dragons. Huyo alikuwa na mchezo wake na wateja wake, lakini alichapa kupita kiasi. Vitabu visivyouzwa vikarudishwa kutoka madukani, madeni yakapita dola milioni 30, na mwaka 1997 akanunuliwa na Wizards of the Coast.

Kwa mwekezaji mdogo anayetamani kipande cha biashara hii: Critical Role ni kampuni binafsi na hisa zake haziuzwi sokoni. Hisa za Hasbro zinauzwa Nasdaq, na mwaka 2024 idara yake ya Wizards na michezo ya kompyuta iliingiza takriban dola bilioni 1.5. Zaidi ya bilioni 1 kati ya hizo zilitokana na karata za Magic: The Gathering, kwa hiyo anayenunua hisa hizo kwa sababu ya Dungeons & Dragons ajue kwamba ananunua karata kwanza.