Bima ya Maisha na Wasia

Ama baad. Ghorofa la Kariakoo lilipoanguka tarehe 16 Novemba 2024, walifariki watu waliotoka asubuhi kutafuta riziki. Basi je, bima ya maisha yafaa?

Jibu: bima ya biashara ina riba na gharar, maana hujui utatoa kiasi gani wala utapata nini. Kwa hiyo Baraza la Fiqhi lililokutana Jiddah mwaka 1985 liliikataza, likajuzisha ile ya kusaidiana, ndiyo takaful.

Nawe, ewe ndugu: ukiwa kijana, andika madeni yako, ukioa, wawekee watoto akiba, ukizeeka, usiusie zaidi ya thuluthi. Kwani mali ya maiti hutoa kwanza maziko, kisha deni, kisha wasia, ndipo urithi. Deni lisiloandikwa humdhulumu mdai, au mayatima. Wallahu aalam.