SOMO LA AFYA: MKOJO WA MGONJWA NA MAJIRA YA MWAKA

Watu wengi wapewapo kichupa hospitalini ili watie mkojo huona haya, na wapatapo jawabu huona hofu. Mume na mke waliokula chungu kimoja hupimwa siku moja, na majawabu yao yakawa mbalimbali. Hapo ndipo maneno mabaya yaingiapo nyumbani, kila mmoja akimshuku mwenziwe. Somo letu lataka kuonyesha ya kwamba tofauti hiyo mara nyingi si fedheha, bali hutokana na maumbile ya mwili na majira ya mwaka.

Tofauti za mume na mke

Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi, na ya mwanamume hufikia sentimita 20. Kwa hiyo vijidudu wakaao utumboni, hasa wale waitwao Escherichia coli, humfikia mwanamke kibofuni kwa safari fupi. Karibu nusu ya wanawake wote hupatwa na maradhi haya angalau mara moja maishani, hata walio waaminifu na wasafi. Wanaume vijana hupatwa kwa nadra. Lakini mwanamume apitapo miaka 50, tezi iliyo chini ya kibofu yaweza kukua na kuuzuia mkojo usitoke wote, na vijidudu wakapata makao.

Tena, damu ya hedhi yaweza kuchanganyika na mkojo ikadhaniwa kuwa ya figo. Mwenye mimba aweza kuonekana na sukari kidogo bila ya kuwa na kisukari. Lakini akionekana na protini baada ya mwezi wa tano, na huku kichwa chamwuma, macho yaona giza, au uso umevimba, asingoje hata siku moja. Hizo zaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba, nacho huua mama na mtoto.

Tofauti za majira

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hata Machi, watu wa pwani hutoka jasho jingi. Mkojo wao hupungua, ukawa mzito na rangi yake kama chai. Uzito wa maji safi huhesabiwa 1.000, na mkojo wa mtu mzima wa afya kwa kawaida huwa kati ya 1.005 na 1.030. Mkojo mzito sana waweza kuonyesha protini kidogo ingawa figo hazina ila. Katika joto hilo mawe ya figo nayo hupata nafasi ya kufanyika, na huwapata wanaume kuliko wanawake. Kwa upande mwingine, mtu wa Limuru katika baridi ya Julai hatoki jasho, na mkojo wake huwa mwingi na mwepesi.

Mvua nazo zina habari yao. Masika na vuli hujaza madimbwi, na humo huzaliana konokono wachukuao kichocho, maradhi yanayojulikana sana Kwale na kandokando ya mto Tana. Tangu mdudu aingie mwilini hata mayai yake yaonekane katika mkojo hupita majuma 10 hata 12. Basi mtoto aliyeoga dimbwini mwezi wa Mei aweza kukojoa damu mwezi wa Agosti, na dimbwi limekwisha kukauka, wazazi wasijue asili yake. Msichana akikojoa damu hiyo, mama hudhani ni hedhi. Na mwanamke aliyeumizwa na kichocho sehemu za siri hudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa. Wengi wamenyamaza kwa sababu ya aibu hii, ijapokuwa dawa iitwayo prazikwanteli huua wadudu hao.

Namna ya kupeleka mkojo

Kwanza, jisafishe kwa maji. Pili, uache mkojo wa mwanzo upite, ukinge wa katikati. Tatu, ufikishe kabla ya saa moja kupita, kwani katika joto vijidudu wachache huwa wengi upesi, na jawabu likawa la uongo. Nne, atafutwaye kichocho atoe mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai yatokapo kwa wingi. Tano, mwambie daktari bila kuficha kama una hedhi au mimba, kama umekunywa dawa, na kama uliingia katika maji ya dimbwi miezi iliyopita.

Karatasi ya kipimo si hukumu ya kadhi. Ni shahidi mmoja tu, na shahidi huulizwa. Kabla ya kumlaumu mwenzio, rudini kwa daktari nyote wawili, mwulize karatasi hiyo yasema nini.